Kucha za jeli, akriliki au za kubandika? Mie nauliza inatokaje

Assalam alaykum mashoga zangu, karibuni tena, na leo mnivumilie maana nna jazba. Kila nikitoa video mnaniuliza hilo hilo, jeli au akriliki, poda au za kubandika, ipi inakaa zaidi, ipi inakaa zaidi. Jamani kukaa zinakaa! Jeli, rangi ile ya kukaushwa kwa taa, wiki mbili inafika, akriliki, zile ngumu za poda na maji yake, baada ya wiki mbili tatu unarudi kwa fundi akujazie pale ukucha ulipoota, hayo mnayajua kunishinda mie siyarudii. Mbona hakuna anoniuliza inatokaje? Maana tuseme kweli bila kuoneana haya, sie wengi wetu rangi tunapaka zikija zile siku zetu, tukishaoga tunataka kucha tupu maji yafike, tutie udhu tusali. Sasa weye una siku sita, saba, unakwenda kulipa 20,000 kwa kitu cha wiki tatu, hesabu gani hiyo?

Haya nisogeze kamera. Hapo mnaona? Ngoja, taa inang'aa sana... haya. Mkono wa kulia nimepaka jeli ya kawaida. Wa kushoto jeli ile ile, chupa ile ile, zambarau ile ile, ila chini yake nimetanguliza hii hapa. Base ya kubandua, yaani rangi ya chini inayobanduka. Ni ya maji, nyeupe kama tui, hii ya kwangu haitaki taa, unapaka unaiacha ikauke wenyewe mpaka ule weupe wote upotee uone ukucha wako. Ukiona bado pana ukungu ukungu usiguse, subiri, kunywa chai. Na usipake nyembamba kwa ubahili, pita mara mbili, ukiipaka nyembamba inang'ang'ania halafu mje mniseme mie. Ikishakauka ndo unaendelea na jeli yako na taa yako kama kawaida.

Sasa kutoa. Kulia kwanza. Nakwangua ule mng'aro wa juu kwa faili, kila kidole. Pamba, asitoni ile dawa ya kutolea rangi, naweka, nafunga foili, kila kidole. Halafu nakaa dakika kumi, kumi na tano, mtoto analia, simu inaita, mlangoni hodi hodi, na mie vidole vimefungwa sina la kufanya. Harufu ndo usiseme. Na hapa ndo penye balaa, fundi ana foleni, haridhii usubiri, anachukua ile mashine ya kusaga anakupitishia mpaka ukucha wenyewe unapata moto, au anaibenjua jeli kwa kijiti ingali imeshika, krrr, na ikitoka hivo haitoki peke yake, inaondoka na tabaka la ukucha. Halafu watu wanasema jeli inaharibu kucha. Kilichokuharibu ni yule aliyekutoa, bibie!

Ngoja hizi foili zikae, tuje kushoto. Bakuli la maji ya vuguvugu, tone la mafuta ya nazi, natumbukiza vidole kidogo. Natoa. Kijiti cha mti, naingiza hapa pembeni, sivuti eh, nasukuma, taratibu, mnaona hewa inavoingia chini... inakuja... inakujaaa... hiyoo! Kipande kizima! Hebu nikirejeshe karibu mkione, hichi hapa, na ukucha huu hapa unang'aa haujakwaruzika popote. Tena kingine. Sikilizeni mlio wake. Wallahi naweza kufanya hivi kutwa. Gumba hili linagoma kidogo, likigoma usilazimishe, rejesha majini, tia mafuta pembeni... haya nalo hilo. Mkono mzima nishamaliza na kulia bado nimefungwa foili!

Ubaya wake? Haikai wiki mbili, usijidanganye. Siku chache, ukijitunza wiki. Ukiwa mtu wa kufua kwa mkono na kuosha vyombo kwa maji moto, pembe zitanyanyuka mapema, na ukikaa kwenye mbuzi kukuna nazi ndo kabisa. Vaa glavu. Lakini mie kutokaa ndo ninachokitaka, mnanielewa? Zinadumu kwa kadiri ya haja yangu.

Akriliki kwa ufupi, maana mie na yeye hatupatani. Ngumu, ndefu, picha zinapendeza, sawa. Lakini yale maji yake ya kuchanganyia poda muulize fundi ni ya aina gani, kuna EMA na kuna MMA. MMA ndo rahisi, harufu kali, inakuwa ngumu kupita kiasi hata asitoni inahangaika nayo, na ukijigonga mlangoni haivunjiki yenyewe, inang'oka na ukucha wako. Marekani walianza kuipiga vita tangu miaka ya 1970. Ukimwona fundi anajibu kwa hasira, shika mkoba wako uondoke.

Poda ile ya kuchovya, unapakwa gundi halafu unachovya kidole kwenye kopo la poda, gundi yake ni ya jamii moja na supaglu, na kama saluni mnachovya vidole kopo moja watu wote, mie hapana, poda waimwagie juu ya ukucha kwa kijiko.

Na mnaonunua jeli mkajipaka wenyewe nyumbani, someni chupa. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 1, 2025 wamepiga marufuku TPO kwenye rangi za kucha, ni kile kitu kinachosaidia jeli kukauka kwenye taa, na mzigo wa zamani si lazima utupwe baharini, lazima uende mahali, pengine huku kwetu. Na jeli mbichi isiguse ngozi, ikimwagika pembeni futa kabla hujaingiza mkono kwenye taa. Mzio wake ukishakupata haukuachi, na vitu vya jamii hiyo hiyo daktari wa meno anavitumia kuzibia meno.

Eh, na hili lazima niliseme, kuna mwenzetu mmoja wa chaneli nyingine simtaji, kaweka rangi ile inayosemwa inapitisha maji, kapaka kwenye tishu, kadondosha tone, maji yamepita, kashangilia. Shoga yangu, tishu ina matundu, ukucha si tishu! Na mie si shekhe, suala la udhu kamuulize unayemuamini, ila jaribio lile halinitoshi.

Za kubandika mnajua nazipenda, lakini zile za stika, si za gundi. Biharusi mtarajiwa asikilize hapa: usiku wa picha bandika, asubuhi maji ya vuguvugu, toa, weka kwenye kisanduku, mdogo wako atavaa Idi.

Tena nikifikiri, mnasema kudumu, kudumu, inayodumu kupita zote si hina? Ukucha wa mkono unachukua kama miezi sita kuota wote, na hina inabaki humo mpaka uikate, na maji haizuii. Bibi zetu walishamaliza huu mjadala. Ila hina ya majani, nyekundu. Piko ni habari nyingine, ile nyeusi ina PPD, dawa ya kupakia nywele, wapo waliotoka malengelenge mkono mzima kabla ya harusi. Rangi moja tu lakini hina, na mie napenda zambarau, ndo tabu yangu.

Haya tufungue foili... mnaona? Kidole hichi bado imeganda, narudi tena kwenye faili. Basi nyie endeleeni mie nitahangaika nayo.

Base hii nimeinunua Mlandege 8,000, msikubali kuuziwa zaidi, na dukani fungueni kifuniko, ikiwa imeshakuwa mabonge mrudishie. Video ijayo taa za kuchaji, kwa wale umeme ukikatika jeli inabaki mbichi vidoleni. Walio Pemba wananiuliza wapi Chake au Wete inapatikana, mie sina jibu, aliyeiona kwa macho yake aandike duka hapo chini, na bei, na kama wanapunguza.