Seti ya Kujiundia Amplifaya ya Tyubu: Sauti Njema, Mwongozo Unaokatikia Pabaya

Seti niliyoiunda ni ya stereo, inayotumia tyubu, yaani chupa za kioo zisizo na hewa zinazokuza au kugeuza umeme: EL84 moja kwa kila upande, ECC83 moja inayohudumia pande zote mbili kwa kuwa ndani yake mna triodi mbili, yaani vikuzaji viwili, na EZ81 ya kugeuza umeme wa transfoma kuwa wa mkondo mnyoofu. Jina la mtengenezaji nimeliacha kwa makusudi. Ninachotaka kukipima hapa ni jambo ambalo watathmini wengi hulipita haraka ili wafike kwenye sauti: je, seti hii inamwezesha mnunuzi kuiwasha kwa mara ya kwanza bila kujiua wala kuunguza transfoma? Jibu langu ni kwamba inawezekana, lakini mnunuzi atalazimika kuongeza vitu ambavyo havimo kwenye boksi na maarifa ambayo hayamo kwenye mwongozo.

Nianze na yaliyo mazuri. Chasisi ni ya chuma kinene kilichotobolewa kwa usahihi, na transfoma tatu zilizomo (moja ya umeme, mbili za pato za kulisha spika) ni nzito kuliko nilivyotarajia kwa amplifaya ya wati chache. Uchaguzi wa tyubu nao ni wa busara. EL84, ambayo Wamarekani huiita 6BQ5, ilitolewa na Philips mwaka 1953 na haijawahi kutoweka sokoni, kwa sababu wapiga gitaa wanaotumia amplifaya za aina ya Vox AC30 wanaihitaji hadi leo. Hivyo mtu hatapata shida ya kutafuta mbadala tyubu zitakapochoka. Hakuna bodi ya saketi iliyochapishwa. Kila rezista (kipande kinachozuia mkondo) na kila kapasita (kipande kinachohifadhi chaji) hulehemiwa moja kwa moja kwenye vibanzi vya kuunganishia na kwenye miguu ya soketi, kazi ambayo ni ya polepole lakini humfundisha mtu njia ya umeme kuliko mchoro wowote. Nilipima rezista zote kabla ya kuzilehemu, na zote zilikuwa ndani ya kiwango kilichoandikwa. Kazi ya kuunganisha ilinichukua jioni nne, na kurasa za mwongozo zinazohusu sehemu hiyo zina picha safi, zinazofuatana vizuri.

Kisha mwongozo unafika ukurasa wa mwisho. Hapo unamwelekeza msomaji achomeke tyubu zote, aunganishe spika, awashe swichi na asubiri nusu dakika. Basi. Hakuna jedwali la volti zinazotarajiwa, hakuna mpangilio wa kupima, na onyo pekee ni alama ya radi kwenye pembetatu, ambayo nadhani imewekwa ili kumridhisha mwanasheria kuliko kumlinda fundi.

Uzito wa kasoro hiyo unaonekana mara tu mtu anapofanya hesabu. Transfoma ya umeme inatoa volti 250 kila upande wa kitovu chake, yaani waya unaotoka katikati ya koili, na kapasita za kuchuja hujaa hadi kilele cha wimbi, ambacho ni volti 250 mara 1.41, yaani zaidi ya 350. Kapasita mbili za seti hii zina jumla ya mikrofaradi 147, hivyo zikijaa hubeba takriban juli 9 za nishati. Kiasi hicho kikipita kifuani kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kinaweza kusimamisha moyo, na hakijali kwamba plagi imeshachomolewa. Wengi hujifariji kwamba kikata umeme cha ukutani, kile kinachozima pale umeme unapovuja kwenda ardhini, kitawaokoa. Hakitawaokoa. Kifaa hicho hulinganisha mkondo unaoingia na unaotoka upande wa kwanza wa transfoma, lakini umeme wa volti nyingi unazunguka upande wa pili, ambao haujaunganishwa na nyaya za ukutani. Mtu anaweza kukamata volti 350 na chasisi kwa pamoja, na kikata umeme kisihisi lolote.

Ndiyo maana nilishangaa kukuta kwamba mchoro wa saketi hauna rezista ya kumwaga chaji. Mtengenezaji pengine anategemea kwamba tyubu zikiwa za moto huendelea kunyonya mkondo na kuzimaliza kapasita zenyewe baada ya swichi kuzimwa. Hoja hiyo ni kweli kwa amplifaya iliyokamilika na isiyo na hitilafu. Si kweli hata kidogo kwa amplifaya inayojaribiwa, ambayo tyubu zake hazijachomekwa au mojawapo haifanyi kazi, na huo ndio wakati mikono ya mtu inapoingia ndani mara kwa mara. Niliongeza rezista mbili za kiloomu 100, wati 2 kila moja, zikiwa zimefuatana kati ya laini ya volti nyingi na chasisi. Nilitumia mbili badala ya moja ya kiloomu 200 ili kila moja ibebe nusu tu ya volti, kwani rezista ina kikomo cha volti pia, si cha wati peke yake. Kapasita zenyewe ni za volti 400, nami ningependelea za 450, kwa sababu nitakayoyaeleza hivi punde.

Sehemu ya kwanza ya majaribio ilifanyika bila umeme wowote. Nilipima ukinzani kati ya pini ya ardhi ya plagi na kila kipande cha chuma kinachoweza kuguswa, nikapata omu 0.2, baada ya kukwangua rangi iliyokuwa chini ya boliti ya waya wa ardhi. Kabla ya kukwangua, kipimo kilikuwa kikirukaruka, na mwongozo hausemi neno kuhusu rangi hiyo. Nikahakikisha fyuzi iko kwenye waya wenye umeme na si kwenye ule wa kurudi. Kisha nikapima kati ya laini ya volti nyingi na chasisi: namba ilipanda taratibu jinsi kapasita zilivyokuwa zikijazwa na betri ya multimita, ikatulia karibu na kiloomu 200, yaani zile rezista zangu mbili. Ingekaa kwenye omu chache tu, ningejua kuna shoti kabla ya kuwasha chochote.

Hatua ya pili inahitaji kifaa ambacho kila muuzaji wa seti za namna hii angepaswa kukielezea: soketi ya balbu iliyounganishwa mfululizo na amplifaya, ikiwa na balbu ya zamani ya uzi ya wati 100. Balbu ya LED haifai, kwa kuwa kinachotakiwa hapa ni tabia ya uzi kuwa na ukinzani mdogo ukiwa baridi na mkubwa ukiwaka. Amplifaya ikiwa na shoti, balbu huwaka kwa nguvu zote na kuuchukua umeme ambao ungeunguza transfoma. Nikiwa sijachomeka tyubu hata moja, balbu ilimweka mara moja ikazimika, nayo koili ya hita, inayopasha tyubu joto, ikatoa volti 6.9, ambazo ni sawa kabisa kwa koili ya volti 6.3 isiyo na mzigo. Niweke wazi kwamba balbu huikinga amplifaya, haimkingi fundi; volti zinazoua zimo vilevile.

Nilipochomeka EZ81 peke yake, laini ya volti nyingi ilipanda polepole, kwani kathodi ya tyubu hiyo, sehemu inayotoa elektroni, hupashwa joto kwanza, ikafika volti 361. Hapa ndipo kapasita za volti 400 zinaponitia shaka: umeme wa ukutani ukipanda kwa asilimia 10, usiku mizigo inapopungua, volti hizo zinafika 397. Nilizima, nikahesabu sekunde 60, nikapima na kukuta volti 46. Rezista mbili ndogo zilikuwa zimefanya kazi ambayo mtengenezaji aliiacha. Hata hivyo, sikuzitegemea zenyewe. Kabla ya kugusa kitu chochote, kila mara nilimalizia kwa waya uliokingwa wenye rezista ya kiloomu 2.2, kisha nikapima tena. Wanaotumia bisibisi kufanya hivyo hupata cheche, ncha iliyoyeyuka na wakati mwingine kapasita iliyoharibika.

Vipimo vyote vya moto nilivichukua kwa mkono mmoja, klipu ya waya mweusi wa multimita ikiwa imebanwa kwenye chasisi kabla ya kuwasha, mkono wa pili ukiwa mfukoni. Kuna anayeona kwamba hayo ni mbwembwe. Mimi nilimwomba pia mtu wa nyumbani akae karibu, baada ya kumwonyesha plagi ya kuchomoa.

Tyubu zote zilipoingia, nilifunga kwenye kila pato rezista ya omu 8, wati 10, badala ya spika. Sababu ya kwanza ni kwamba pentodi kama EL84 isiyo na mzigo huweza kuzusha volti kubwa mno kwenye transfoma ya pato hadi kutoboa kinga ya nyaya zake. Ya pili ni kwamba hakuna haja ya kuhatarisha spika nzuri kwa jambo ambalo halijathibitishwa. Balbu haikuzimika kabisa safari hii, wala haikupaswa kuzimika, maana amplifaya yenyewe hutumia wati 50 na ushei. Ilibaki na mwanga wa wastani. Lakini baada ya sekunde kama 20, transfoma ya pato ya upande wa kushoto ilianza kulia yenyewe mlio mwembamba na mkali, bila spika wala muziki.

Nilizima, nikasubiri, nikapima, kisha nikafikiri. Saketi hii hurudisha sehemu ya sauti ya pato kwenye kathodi ya ECC83 ili kupunguza upotoshaji, na mrejesho huo sharti uwe hasi. Ncha mbili za koili ya kwanza ya transfoma zikibadilishana, mrejesho hugeuka kuwa chanya na amplifaya hujilisha sauti yake yenyewe. Rangi za nyaya zangu zilifuata mwongozo barabara. Transfoma moja ndiyo iliyokuwa na rangi zilizowekwa kinyume kiwandani. Nilibadilisha waya wa bluu na mwekundu, na mlio ukaisha. Nilipomwandikia muuzaji, alikiri kwamba wateja wengine wameripoti jambo hilo, jambo ambalo lilinikera zaidi kuliko kasoro yenyewe, kwani karatasi moja ya nyongeza ndani ya boksi ingetosha. Mtu ambaye angefuata mwongozo na kuunganisha spika mara moja angeupokea mlio ule kwenye twita zake, yaani spika ndogo za sauti za juu, kwa nguvu zote.

Baada ya hapo niliondoa balbu na kupima hali halisi ya tyubu za pato. Rezista ya kathodi ni ya omu 180, na volti zilizosimama juu yake zilikuwa 8.3 upande wa kushoto na 8.6 upande wa kulia. Gawanya kwa 180 na utapata miliampea 46 na 48. Toa takriban 5 zinazopita kwenye gridi ya skrini (wavu ulio ndani ya tyubu), kisha zidisha kwa volti 258 zilizo kati ya anodi (bamba linalopokea elektroni) na kathodi: wati 10.6 na wati 11.1. Kikomo cha EL84 ni wati 12 kwenye anodi, hivyo tyubu zinafanya kazi kwa bidii bila kuteswa. Hapa ninampongeza aliyesanifu saketi, maana amplifaya nyingi ndogo huzisukuma tyubu hizi kupita kikomo ili kupata wati moja ya kutangazia.

Mvumo ulikuwepo mwanzoni. Ulikuwa wa masafa yaleyale ya umeme wa ukutani, si mara mbili yake, dalili kwamba ulitoka kwenye nyaya za hita na si kwenye uchujaji. Niliongeza rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila waya wa hita kwenda chasisi, nikazisokota nyaya zenyewe kwa kubana zaidi, na mvumo ukashuka hadi hausikiki ukiwa umekaa mahali pa kusikilizia.

Nguvu zilizotangazwa ni wati 6 kwa kila upande. Kwa wimbi la hezi 1000, nilipata volti 6.0 kwenye omu 8 kabla kilele hakijaanza kubonyea kwenye osiloskopu, sawa na wati 4.5. Pengo hilo ni desibeli 1.25 tu, na sikio halitalilalamikia, ingawa tangazo lingeweza kusema kweli. Kwa spika zenye usikivu wa desibeli 90 au zaidi, sebule ya kawaida hujaa. Sauti za waimbaji na ala za nyuzi zinakaa mbele, zikiwa na ujoto ambao sehemu yake, tusidanganyane, ni upotoshaji wa hamoniki ya pili (sauti ya masafa mara mbili ya ile ya asili) unaopendwa na sikio. Besi ya chini kabisa ni nyembamba, kwa sababu transfoma za pato si kubwa vya kutosha. Anayesikiliza muziki wa ngoma nzito za kielektroniki atafute kitu kingine.

Ningemshauri anunue seti hii mtu ambaye amewahi kulehemu, ana multimita ya volti 600 au zaidi, na yuko tayari kutenga jioni moja nzima kwa ajili ya kupima tu. Anayeanza kabisa asiiguse hadi mwongozo utakapoandikwa upya, hata kama picha zake zinamfanya aone kazi ni rahisi. Yangu imeshatimiza miezi mitano. Kapasita nimezibadilisha kwa zile za volti 450, na chini ya chasisi, pembeni ya boliti ya ardhi, nimebandika karatasi yenye volti zote nilizozipima, kwa ajili ya yeyote atakayeifungua baada yangu.