Tahadhari: Fundi anayechukua milango ya mvule na kurudisha chipibodi

Ndugu zangu wa Mombasa, hasa mlio na wazee wanaoishi katika nyumba za zamani za Tudor, Ganjoni na Mji wa Kale, ninaandika kuwatahadharisha juu ya fundi mmoja anayejitangaza mitandaoni kuwa anafanya upya makabati ya jikoni kwa bei nafuu. Wengi wetu tumezoea kumwogopa fundi atakayetoweka na arubuni. Huyu hakutoweka: alifika siku aliyoahidi, akamaliza kazi, akapokea salio lake na kuaga kwa adabu. Alichokuwa amekifuata ni mbao.

Makabati yenyewe yako jikoni kwa mama yangu, Tudor. Yalitengenezwa marehemu baba akiwa hai, milango yote kumi na miwili ikiwa ya mvule mtupu, lakini kwa miaka mingi yalikuwa yameiva kwa moshi na mafuta, na bawaba zilikuwa zimeliwa na kutu ya upepo wa bahari. Tulikuwa tumejiwekea shilingi 30,000, kiasi ambacho hakiwezi kununua makabati mapya, kwa hiyo tangazo la kupiga msasa, kupaka rangi na kubadilisha bawaba kwa shilingi 24,000 lilituvutia. Picha za kazi zake zilikuwa nzuri mno. Baadaye sana, nilipozitazama kwa utulivu, niliona kwamba soketi za ukutani katika picha mbili zilikuwa na matundu mawili ya mviringo, ilhali zetu hapa Kenya zina matundu matatu ya mstatili. Jiko lile halikuwa la Mombasa, wala sidhani kama fundi yule aliwahi kulikanyaga.

Alikuja mama akiwa peke yake. Aliinama, akapitisha mkono chini ya kabati, kisha akamwonyesha kiganja kilichojaa vumbi la mbao na kumwambia, “Bi mkubwa, mbao hizi zimebunguliwa zote, tusipozitia dawa zitakuangukia.” Kwa maelezo ya mama, vumbi lile lilikuwa jeupe kama la msonobari. Vumbi la mvule wa miaka mingi huelekea hudhurungi, na mvule ni mti ambao watu wa huku wameupenda kwa milango na madirisha kwa sababu mchwa hawauwezi kirahisi. Mama yangu, ambaye hajawahi kupunjwa hata nazi moja pale sokoni Kongowea, alikubali. Sababu aliyopewa ya kuiondoa milango nyumbani ilikuwa ya maana, nami ningeikubali pia: kwamba itapuliziwa rangi kwa mashine, na harufu yake haifai ndani ya nyumba anamolala mtu mzima. Milango tisa ikapakiwa kwenye tuktuk. Mitatu iliyo juu ya jiko la kupikia aliiacha kwa madai kwamba ina mafuta mengi na ataijia baadaye.

Baada ya siku sita milango ilirudi, myeupe, inang’aa, tukafurahi na kulipa. Wiki ya pili, mlango ulio chini ya sinki ulianza kuvimba upande wa chini. Niliubonyeza kwa ukucha, nao ukamomonyoka kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ilikuwa chipibodi, yaani vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, ikiwa imefunikwa kwa stika. Mama hakusema neno. Alifungua mlango mmoja baada ya mwingine akitazama upande wa ndani. Seremala wa zamani alikuwa ameandika nambari kwa penseli nyuma ya kila mlango. Ile tisa haikuwa na kitu.

Simu ya fundi haipatikani tena. Nilipomtumia arubuni kwa M-Pesa, jina lililotokea kabla ya kuthibitisha halikuwa lake. Aliniambia ni laini ya kaka yake, nami nikabonyeza. Kosa hilo ni langu. Tumeripoti polisi na kupewa nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, na kwa kuwa jambo liko huko, simtaji. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60, lakini huwezi kumshtaki mtu usiyemjua jina wala karakana. Kwa hiyo takeni nakala ya kitambulisho kabla ya kazi, na fikeni karakana kwa miguu yenu.

La muhimu zaidi, milango isitoke nyumbani. Ikibidi itoke, ipigeni picha mbele na nyuma, mtie alama yenu mahali pasipopakwa rangi, na mnyanyue mmoja mmoja ili mikono ijue uzito wake. Ile mitatu iliyosalia tulimpa fundi mwingine wa Kisauni, akaifanyia kazi barazani mbele yetu: akaisugua kwa maji moto na sabuni, akaiacha ikauka, akaipiga msasa na kuipaka vanishi. Bawaba zisizoshika kutu tulinunua wenyewe. Yote yaligharimu shilingi 4,500, na rangi ya mvule ilipojitokeza nilizidi kuumia kwa ile tisa.

Mtu akikuuzia au ukiiona mahali, milango yetu ina tarakimu za mwandiko wa Kiarabu nyuma, kuanzia moja hadi tisa, na ule wa nne una alama nyeusi ya pasi ya makaa kwenye pembe ya chini. Tafadhali nijulisheni kabla haijapigwa randa.