Polithini au EVOH (aina nyingine ya plastiki ya vifungashio): ipi huzuia hewa?
Jaza maji kwenye mfuko wa polithini, uzibe, uugeuze juu chini: halitoki hata tone. Ndiyo maana wengi hudhani hewa nayo haipenyi. Inapenya! Oksijeni hujipenyeza katikati ya molekuli za polithini, na ukihifadhi humo chakula chenye mafuta, siku ya kufungua unakutana na harufu ya mafuta yaliyochacha, mfuko ukiwa mzima kabisa.

EVOH ikiwa kavu huizuia oksijeni mara maelfu zaidi, hata kwa utando wa mikroni 5 (milimita 0.005). Adui yake ni unyevu, ikiufyonza, hulegea. Polithini huzuia mvuke vizuri na huzibika kwa joto bila shida. Mimi ningeiweka EVOH katikati, polithini pande zote mbili, na gundi kati yao, maana zenyewe hazishikani.