Kikagua pakeji cha kulipia: kimepitisha mwizi, halafu wakanijibu hovyo

Nalipia kikagua pakeji, programu inayochunguza pakeji (vifurushi vya kodi vilivyoandikwa na watu wengine) kabla hatujazisakinisha kwenye mifumo yetu. Kilipopitisha pakeji ya wizi nikawalalamikia wenye nacho. Nianze na jibu lao, maana ndilo lililonipandisha hasira kuliko kosa lenyewe: "Pakeji hiyo haina udhaifu uliosajiliwa. Kwa ufafanuzi zaidi, mshirikishe mhandisi wa usalama wa kampuni yako." Mhandisi wa usalama! Kampuni yangu ni chumba kimoja hapa Mwanga, Kigoma: mimi, kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na feni inayozunguka umeme ukipenda. Ningekuwa na mhandisi wa usalama, ningewalipa nyinyi wa nini?

Ilikuwa hivi. Tunatengeneza mfumo wa stoo kwa mama mmoja anayenunua dagaa na mawese kwa jumla. Kijana akaandika jina la pakeji harakaharaka, akaruka kistari cha katikati. Kikagua kikazunguka kidogo, kikaleta alama ya kijani. "Kaka, imepita," akasema, kidole tayari kiko juu ya kitufe. Nikamwambia asubiri, lile jina halikunikaa vizuri. Kufungua ukurasa wake nakuta mwenye akaunti hana kazi nyingine hata moja, toleo limepandishwa juzijuzi, na ndani kuna skripti ya postinstall, ile inayojiendesha yenyewe unaposakinisha tu, hata kama hujaandika mstari wowote wa kuitumia pakeji. Hiyo skripti inasoma faili la .env na kutuma yaliyomo kwenye seva ya mbali. Na .env yetu ndimo zinamokaa funguo za malipo ya simu za yule mama.

Huu ujanja una miaka. Mwaka 2017 kuna mtu alisajili pakeji ya crossenv kwenye npm, ghala la mtandaoni la pakeji za JavaScript, akitega wanaokusudia cross-env. Tofauti ni kistari tu, na ilikuwa inaiba siri za mazingira ya kompyuta vilevile. Watu wanaochaji dola kila mwezi hawajajifunza kistari mpaka leo?

Nilivyokuja kuelewa, kazi yao yote ni kulinganisha jina na toleo na orodha ya udhaifu ulioripotiwa. Pakeji ya juzi nani kairipoti? Kwa hiyo inatoka kijani. Udhaifu ni kosa la fundi aliyekuwa anafanya kazi yake kwa nia njema. Huyu wa kwetu ni mwizi, na mwizi hajisajili kwenye orodha. Mwaka 2018 mtunzaji wa pakeji ya event-stream alimkabidhi kazi mtu aliyejitolea kusaidia, na huyo akaingiza ndani yake pakeji nyingine, flatmap-stream, iliyolenga pochi ya Bitcoin iitwayo Copay. Mwaka 2024 mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, ulibambwa kwa sababu mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kulipuuza. Hakuna orodha iliyomwambia. Pale Kibirizi mnunuzi hatoi hela ya gunia la dagaa kabla hajazamisha mkono hadi chini kutafuta mchanga. Hawa wanasoma maandishi ya nje ya gunia, basi.

Haki yao niwape, lakini. Wiki chache kabla walikuwa wamenionyesha maktaba ya zamani (nayo ni pakeji tu) yenye tundu la usalama, imejificha ngazi kadhaa chini ya pakeji tuliyoiomba sisi. Kwa macho nisingeiona. Siku ile ningewapa nyota nne bila kufikiri. Sema baadaye nikaendesha npm audit, amri ya bure ya npm ya kukagua pakeji, ikanitajia maktaba ileile. Basi tatu.

Nikawaandikia tena, safari hii nimebandika skripti yenyewe, mstari unaosoma .env nimeupigia alama. Kimya. Kisha tiketi ikafungwa, imeandikwa "imetatuliwa", ikifuatwa na dodoso: je, umeridhika na huduma yetu? Ile pakeji nikairipoti mwenyewe kwa npm, ikaondolewa. Na hapo ndipo kikagua kikazinduka! Barua pepe ya herufi kubwa: TAHADHARI, pakeji hatari imegunduliwa. Imegunduliwa na nani, jamani?

Siku hizi kusakinisha pakeji tunatumia programu ya pnpm. Kuanzia toleo la 10 haiendeshi skripti za pakeji tegemezi mpaka uziruhusu, na tangu 10.16 ina minimumReleaseAge, inayozuia toleo lisiingie mpaka lifikishe umri unaoutaka wewe. Mwezi wa tisa mwaka 2025, mtunzaji wa chalk na debug, pakeji zinazotumiwa na wengi, aliponaswa kwa barua pepe ya kitapeli, matoleo yenye sumu yalikaa hewani saa chache tu. Aliyekuwa anasubiri hata siku mbili hakuguswa. Hii haina malipo, haina dodoso.

Nyota moja, basi. Au mbili, kwa ajili ya ile maktaba. Usajili wangu unaisha mwisho wa mwezi na nilishaapa siulipii tena, ila kijana anasema wateja wanapenda kuona ile ripoti ya rangi ikiwa imechapishwa, hasa wa ofisini. Mama wa dagaa aliibandika yake ukutani. Tunabishana bado.