Saundi kadi ya bei mbaya imewekwa punguzo: ununue au upite?

Wiki iliyopita Kariakoo, mtaa wa Aggrey, winga alinishika mkono akanipeleka kwenye boksi la Sound Blaster AE-9, saundi kadi (kadi ya kompyuta inayotengeneza sauti) ya kuchomeka ndani ya kompyuta ya mezani. "Kaka, bosi anaitoa nusu bei, kesho huikuti." Kadi hiyo ilipotoka 2019 iliuzwa takriban dola 350, kwa hiyo nikaona zali limenidondokea. Nikafungua boksi. Kadi ipo, inang'aa, lakini kile kisanduku chake cha kukaa mezani hakipo. Na kwenye AE-9 matundu ya hedifoni na maiki yako kwenye kisanduku hicho, si kwenye kadi. Ningefika Tabata na kadi nzuri sana isiyo na pa kuchomeka hedifoni.

Kwa kuwa swali hili naulizwa kila mara, naziweka njia zote za kupata sauti nzuri kwa mpangilio wangu, ya juu ndiyo ninayoipenda zaidi.

Namba moja: usinunue kitu. Natania kidogo tu. Sidii inatumia biti 16 na kilohezi 44.1 (vipimo vya undani wa sauti), wakati chipu ya sauti ya Realtek iliyobandikwa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, ya kompyuta za miaka hii inafika biti 24, mara nyingi kilohezi 192. Wengi wanaolalamikia kadi wanasikiliza kwa spika mbovu. Na kama unatumia spika ya Bluetooth, au umeunga HDMI kwenye runinga, kadi haiguswi kabisa. Sauti inatengenezwa hukohuko mwisho wa safari.

Kuna wanaosumbuliwa na mngurumo kwenye sabufa. Kwa hao nina jaribio la bure: wakati inanguruma, chomoa chaja ya laptopu. Mngurumo ukikoma, tatizo ni umeme. Nyumba niliyopanga soketi zina matundu matatu, lakini siku fundi alipofungua moja tulikuta waya wa ardhi haupo, lile tundu la tatu ni pambo. Hapo hata kadi ya milioni itanguruma vilevile. Anza kwa kuchomeka sabufa na kompyuta kwenye ekstensheni moja, kisha tafuta kile kichujio kidogo kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Ila kama kelele ni za mkwaruzo, zinazopanda ukisogeza mausi au gemu likianza, hizo zinatoka ndani ya kompyuta yenyewe, na dawa yake ni kuitoa sauti nje kwa USB.

Ndipo inapokuja namba mbili: kile kiwaya cha Apple cha USB-C kwenda tundu la hedifoni, ambacho kwao kimeuzwa dola 9. Ndani ya kichwa chake cha plastiki kuna saundi kadi kamili, safi kuliko unavyodhani. Kwa hedifoni za kawaida, za omu 16 hadi 32 (omu ni kipimo cha ukinzani; zikiwa nyingi, hedifoni huwa ngumu zaidi kusukuma), sioni sababu ya kwenda mbali zaidi. Ogopa feki: vingine ni waya mtupu usio na chipu, ukichomeka kwenye kompyuta hausikii hata mlio.

Namba tatu ni ya wenye studio chumbani. Kama unarekodi Bongo Fleva au podikasti, kwako wewe hii inapanda kuwa ya kwanza: Focusrite Scarlett 2i2, kisanduku cha USB cha kurekodia sauti, au ndugu zake. Inatoa volti 48 za maiki ya kondensa (maiki ya studio inayohitaji umeme), ina draiva ya ASIO, programu inayokufanya usikie sauti yako kwa kuchelewa kidogo sana, na unaihamisha kutoka kompyuta hii kwenda ile kwenye begi. Ya mtumba pia inafaa, ila zungusha kila kitufe ukisikiliza kama kinakwaruza.

Nne ndiyo kadi yenyewe ya bei mbaya. Inafaa kama una kompyuta ya mezani na hedifoni nzito kusukuma, mfano Sennheiser HD 600 ya omu 300, au spika za 5.1 (tano na sabufa moja) zinazotumia waya. Nje ya hapo, punguzo halibadilishi kitu. Angalia pia unakoipeleka. Zile HP na Dell za ofisini zenye kasha jembamba, zinazojaa kwenye maduka yetu ya mtumba, haziwezi kumeza kadi ya urefu huu, na pawa saplai zake hazina waya wa pini 6 ambao AE-9 inaudai. Muuzaji aiwashe mbele yako. Akikataa, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mwisho kabisa naweka saundi kadi za X-Fi za mwaka 2005 za soketi ya PCI, tundu la zamani la kuchomeka kadi. Zilikuwa moto enzi zake, kwa sababu ziliibebea kompyuta hesabu za sauti za gemu. Windows Vista ilipoingia 2007 ilifunga mlango huo, na mazabodi mpya hazina hata soketi yake. Viweke hapohapo vile vidude vya USB vilivyoandikwa 7.1: ni stirio ya kawaida iliyopakwa programu.

Winga aliponiona nafunga boksi akashusha bei tena, mara mbili. Kisanduku, akasema, kitakuja na mzigo wa mwezi ujao. Nikamwachia namba ya simu.