TCEC: huduma bora kwa mtazamaji wa sataranji ya kompyuta

Kwa mpenzi wa sataranji anayetaka kujua ni programu ipi inayozidi nyingine, sijaona huduma inayoishinda TCEC (Top Chess Engine Championship), mashindano ya programu za sataranji yaliyoanza mwaka 2010 na kurushwa moja kwa moja kwenye intaneti, usiku na mchana, bila malipo.

Sifa yake ya kwanza ni haki. Katika mashindano ya kwanza ya dunia ya kompyuta, yaliyofanyika Stockholm mwaka 1974, programu 13 zilicheza raundi 4 tu. Kaissa ya Wasovieti ilishinda michezo yake yote na kutwaa ubingwa bila kukutana na Chess 4.0 ya Marekani, na zilipopambanishwa baadaye katika mchezo wa kirafiki zilitoka sare. Kinyume chake, fainali kuu ya TCEC huwa na michezo 100, na kila ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za mchezo, huchezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi, ili asiwepo anayebebwa na kete nyeupe, ambazo ndizo huanza. Linalobaki kujadiliwa ni vifaa, kwa kuwa programu ya Leela hutegemea kadi za michoro ilhali mpinzani wake, Stockfish, hutumia prosesa za kawaida.

Uhondo wenyewe, hata hivyo, uko kando ya ubao, ambako kila programu huonyesha tathmini yake kwa tarakimu pamoja na mfululizo wa hatua inazozitarajia. Hutokea moja ikaona mambo ni sawa kwa sawa wakati mwenzake tayari anajihesabia ushindi, nawe unafuatilia hatua kwa hatua kujua nani aliona mbali. Hapo mtu hujifunza sataranji kwelikweli, ingawa mgeni atataabika, maana tarakimu hazimwelezi sababu.

Kasoro inayochosha ni sare. Katika fainali ya msimu wa 15, mwaka 2019, Leela, iliyojifunza kwa kucheza dhidi yake yenyewe, iliishinda Stockfish kwa alama 53.5 kwa 46.5, lakini michezo 79 haikupata mshindi. Waandaaji huchagua funguzi zinazoupa upande mmoja nafuu, dawa ninayoikubali, japo mara nyingine nyeupe hushinda michezo yote miwili na saa nyingi zikapita bila pengo la alama kubadilika.

Anayeanza namshauri apakue kwanza, bure, kumbukumbu za fainali hiyo na kuipitia michezo 21 iliyopata mshindi, kabla ya kukaa mbele ya matangazo ya moja kwa moja.