Miezi mitano na pete ya silikoni wodini

Pete ninayoizungumzia hapa ni ya silikoni, ya rangi ya kijivu, pana kiasi cha milimita 6 na laini kama chuchu ya chupa ya mtoto. Pete za aina hii huuzwa kwa wauguzi, mafundi umeme na wanamichezo kwa ahadi moja, kwamba mwenye ndoa anaweza kwenda nayo kazini bila kuhatarisha kidole chake wala kumkwaruza mtu. Nilinunua mbili kwa pamoja: moja nyororo ndani na nje, na nyingine yenye mifereji midogo upande wa ndani, ambayo muuzaji huisifu kwamba inapitisha hewa. Nimezivaa kwa kupokezana kwa miezi mitano katika wodi ya watu wazima, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya muuguzi mwenzangu anayefikiria kuiacha nyumbani pete yake ya dhahabu na kuja kazini na hii.

Kilichonisukuma kuzinunua ni mkwaruzo. Ngozi ya mzee aliyelala kitandani kwa wiki nyingi huwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na siku moja nilipokuwa namgeuza bibi mmoja ili nimpake mafuta mgongoni, kijiwe cha pete yangu kilimshika juu kidogo ya kifundo cha mkono, ngozi ikachunika na kujikunja pembeni. Nilikuwa nimevaa glavu, lakini ilikuwa imeshatoboka palepale penye kijiwe. Bibi hakupiga kelele. Alinitazama tu akasema, "Si neno, mwanangu," na maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenifokea. Kidonda kilichukua siku nyingi kufunga, na kila nilipobadilisha bandeji nilikuwa naitazama kazi ya pete yangu.

Kwa upande huo, pete ya silikoni imetimiza ahadi yake bila hitilafu. Haina ncha wala kijiwe, haikwaruzi, na kwa miezi yote mitano haijanitoboa glavu hata moja. Faida yake ya pili ni kwa mvaaji mwenyewe. Pete ya chuma ikinaswa kwenye reli ya kitanda huku mwili ukielekea upande mwingine, inaweza kuchuna ngozi na nyama ya kidole hadi mfupani. Madaktari wa upasuaji wanalifahamu vizuri jeraha hilo, na mwaka 2015 lilimpata mtangazaji wa televisheni wa Marekani, Jimmy Fallon, aliyejikwaa nyumbani kwake, pete yake ikanaswa, akalazimika kufanyiwa upasuaji ili kukiokoa kidole. Pete ya silikoni ikivutwa kwa nguvu hukatika. Niliijaribu moja ya zamani, niliyopewa na mwenzangu, kwa kuitundika kwenye ndoano ya stendi ya dripu na kuivuta: ilirefuka kama mpira wa manati, kisha ikaachia. Aidha, vidole vikivimba mwishoni mwa zamu ya usiku, silikoni hupanuka navyo, wakati dhahabu hung'ang'ania hadi mtu atafute sabuni ya kuivulia.

Sifa zinaishia hapo, kwa sababu muuguzi hanunui pete kwa ajili ya kidole chake peke yake. Swali linalomhusu mgonjwa ni moja: je, mkono wenye pete hii unanawika? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono, halipendekezi kuvaa pete wala mapambo mengine wakati wa kumhudumia mgonjwa. Linakubali kwamba mahali ambapo dini au mila zina nguvu sana, pete ya ndoa isiyo na nakshi inaweza kuvumiliwa katika huduma za kawaida, lakini katika mazingira yenye hatari kubwa, kama chumba cha upasuaji, pete zote hazina budi kuvuliwa. Uingereza nayo, kuanzia mwaka 2007, ilishikilia sera ya mikono mitupu kuanzia kiwiko kushuka chini, ingawa hospitali nyingi huko bado huruhusu pete moja isiyo na kijiwe. Ukisoma miongozo hii kwa makini utaona kwamba haifanani neno kwa neno, na sababu yake inaeleweka. Tafiti zimeonyesha kwamba ngozi iliyo chini ya pete hubeba vimelea wengi kuliko ngozi ya kidole kisicho na pete. Kuthibitisha kwamba pete fulani ndiyo iliyompa mgonjwa fulani maambukizi ni kazi nyingine, ngumu zaidi. Mimi sisubiri uthibitisho wa namna hiyo ili niamue, lakini ni haki msomaji ajue mpaka wa kile kinachojulikana.

Jaribio lililonifungua macho nilifanyiwa katika mafunzo ya kawaida ya kunawa mikono. Tulipakwa losheni inayong'aa chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, tukaambiwa tunawe kama tunavyonawa kila siku, kisha kila mmoja aingize mikono ndani ya sanduku lenye taa. Nilinawa kwa muda unaotakiwa, sekunde 40 hadi 60, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na ncha za kucha, nikiwa na pete ya silikoni kidoleni. Chini ya taa mikono yangu ilikuwa na giza safi, isipokuwa kwenye kucha mbili ambazo zilinitia aibu kidogo. Mwalimu akaniambia, "Sasa vua pete." Nilipoivua, pakabaki pete nyingine, ya mwanga mweupe wa buluu, imekizunguka kidole pande zote bila hata sehemu moja iliyokatika. Mwenzangu aliyekuwa na pete ya dhahabu isiyo na nakshi, iliyomlegea kidogo, alibaki na mabaka tu, kwa kuwa yake ilikuwa inazunguka na kupanda na kushuka kidoleni huku maji yakipenya. Silikoni huganda kwenye ngozi. Sifa inayoifanya isidondoke ndiyo hiyohiyo inayoyazuia maji yasifike chini yake, kwa hiyo katika jambo la kunawa naiweka nyuma ya dhahabu isiyo na urembo, jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo.

Ile yenye mifereji ilinivunja moyo zaidi. Baada ya saa nne za zamu niliivua na kuigeuza, nikakuta ndani ya mifereji utando mweupe, mchanganyiko wa sabuni na krimu ya mikono, uliojaa kama unga kwenye meno ya chanuo. Ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa imefanya makunyanzi kama ya mtu aliyefua nguo asubuhi nzima. Wiki ya tatu ukaanza muwasho, kisha upele mwekundu wenye upana uleule wa pete, na muuguzi mwenye upele mkononi ana tatizo juu ya tatizo, maana ngozi iliyochubuka hukaribisha vimelea na huwaka kila inapoguswa na kitakasa mikono. Kitakasa chenyewe, ambacho kinatakiwa kusuguliwa hadi kikauke kwa sekunde 20 hadi 30, hujikusanya ukingoni mwa pete na kubaki na unyevu wakati mkono mzima umeshakauka. Pete nyororo haikunitoa upele, ila nayo hunasa nyuzi za pamba na vumbi kiasi kwamba nikitoka kufunga vidonda inaonekana kama imeota manyoya.

Kuna pete za aina hii zinazouzwa zikiwa na maandishi kwamba zinazuia bakteria. Hata tukiyachukua maandishi hayo kuwa ya kweli, yanauhusu uso wa pete, na ngozi iliyofunikwa inabaki ilivyokuwa. Vilevile ni kweli kwamba silikoni inastahimili maji yanayochemka, nami zangu nilikuwa nazichemsha kila mwisho wa wiki. Zilitoka safi. Dakika chache baadaye zilikuwa zimerudi kwenye kidole kilekile na mambo yaleyale.

Mapambo mengine hayahitaji maelezo marefu. Bangili na saa ya mkononi huzuia kunawa kifundo cha mkono, basi. Saa ya kubana kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini, inatosha kuhesabia mapigo ya moyo, mradi ifutwe nayo, kwa sababu tunaishika mara nyingi kuliko tunavyokiri. Mkufu mrefu ni mpini ambao mgonjwa aliyechanganyikiwa anaweza kuukamata, na hereni za kuning'inia ni vivyo hivyo. Vipini vidogo vya masikio sijaona vikimdhuru mtu.

Kwa hiyo, je, pete hii inafaa kununuliwa? Inafaa, ukinunua ile nyororo, ukachagua kipimo kinachoiruhusu kuzunguka kidoleni bila kubana, na ukaielewa kuwa ni pete ya kuvuliwa. Ubora wake mkubwa kwangu umekuwa huo: inavulika kwa sekunde moja bila sabuni, haidhuriki ikikunjwa mfukoni, na ikipotea kwenye nguo za kufuliwa huumii kama unavyoumia kwa pete uliyovishwa siku ya harusi. Ninajua wenzangu ambao hawataki kuonekana bila pete, na sidharau hisia hiyo, kwani kuna wagonjwa na hata wafanyakazi wenzetu ambao mkono mtupu huwapa ujasiri wa maswali yasiyo ya kazi. Kwa mtu wa namna hiyo ningeshauri asimame nayo kwenye meza ya mafaili na wakati wa kuzungumza na ndugu wa wagonjwa, na aivue kabla ya kugusa mwili, kidonda, mrija au dawa. Akiona usumbufu wa kuvua na kuvaa mara kumi kwa zamu, kama nilivyouona mimi, ataishia kuiacha mfukoni tangu asubuhi.

Ile ya mifereji nimempa ndugu yangu ambaye ni fundi umeme, naye anaisifu sana. Hii nyororo hukaa ndani ya mfuko wa sare yangu, imepitishwa kwenye pini kubwa ya nguo, na huirudisha kidoleni nikishakabidhi zamu na kunawa kwa mara ya mwisho.